Chemchemi Iliyopewa Likizo

Si zamani sana, maana wahusika wote bado wanapokea mishahara, palikuwa na nchi moja yenye serikali sikivu kupindukia. Serikali hiyo ilisikia kwamba watu wa mikoa ya kati wana kiu. Ikahuzunika, ikaitisha vikao, ikahuzunika tena kwa maandishi, na mwishowe ikaamua kuchukua hatua kali. Itaandaa chakula cha jioni.

Si chakula cha hivi hivi. Ilikuwa karamu ya kuonja mvinyo wa Burgundi, ule unaotoka kwenye vilima fulani vya Ufaransa, ambako inasemekana chupa moja huweza kumzidi binadamu umri na heshima. Kiti kimoja kiliuzwa kwa bei ya kumtoa mtu jasho, na mapato yote yangekwenda kuwasaidia wenye kiu. Wapo waliouliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini fedha ya mvinyo isinunue maji moja kwa moja. Walielimishwa. Waziri wa Maji na Ukarimu, Mheshimiwa Daktari Chambuso Ngwega, alieleza redioni kwamba huwezi kuifahamu kiu ya mwenzako mpaka wewe mwenyewe umekunywa ukatosheka. Waulizaji wakaridhika, na wale wawili ambao hawakuridhika walisaidiwa na polisi.

Kikatokea kikwazo kimoja. Mtaalamu wa mvinyo alisema rangi ya Burgundi haionekani vizuri kwa taa, inataka mwanga wa jua. Na karamu ilikwisha kutangazwa kuwa ni ya jioni. Lakini serikali ile haikuwa ya kushindwa na jambo dogo kama hilo. Lilitoka tangazo kwamba siku hiyo, kwa manufaa ya umma, jioni itaanza saa nane mchana. Wanafunzi wakarudishwa nyumbani, wenye maduka wakawasha taa, na raia walioonekana barabarani bila kusema "habari za jioni" wakaonywa kwa upole.

Miongoni mwa walioalikwa alikuwa Bi Havijawa binti Mponda wa Mkoleni, mfinyanzi wa vyungu, mjane, mwanamke wa maneno machache. Yeye hakununua kiti. Asingeweza hata angeuza Mkoleni nzima pamoja na mbuzi wake. Aliitwa kwa sababu mbili. Kwanza, karamu ya wenye kiu ilihitaji walau mtu mmoja mwenye kiu, ili wageni wamwone. Pili, alikuwa mtani wa waziri.

Hapa inabidi tusimame kidogo. Bi Havijawa ni Mkole, na Chambuso ni Mtungu, na Wakole na Watungu ni watani tangu enzi za mababu. Mkole akimkuta Mtungu sokoni humvua kofia akaenda nayo, na Mtungu hana ruhusa ya kununa. Mtungu akipita uani kwa Mkole huondoka na kuku, tena kwa kuaga. Msibani ndipo utani hukolea. Wafu wa Wakole huoshwa na Watungu, wafu wa Watungu huoshwa na Wakole, na watani humsimanga marehemu kwa ulafi wake na ubahili wake mpaka wafiwa wacheke bila kupenda. Mtu asiyeoshwa na watani wake, wazee husema, amezikwa nusu.

Kila kitu hutaniwa: upara, kitambi, hata kifo chenyewe. Kitu kimoja tu hakiguswi. Mababu wa pande zote mbili waliuana miaka mingi wakigombea chemchemi ya Mkoleni, ile inayobubujika chini ya jiwe jeusi penye mkuyu, mpaka siku walipochoka kuzika wakakubaliana kunywa kwa kata moja ya kibuyu. Utani wao ulizaliwa siku hiyo, pale pale kwenye chemchemi. Kwa hiyo kila mtoto wa Kikole na wa Kitungu hufundishwa neno hili mapema kuliko kutembea: maji hayataniwi. Mtani atakayeyatania, yule aliyekosewa humjia kimya kimya, bila kucheka, akammwagia maji miguuni. Akishamwagiwa, utani umekufa, naye atatafuta wa kumwosha kwingine. Hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuona jambo hilo likifanyika.

Na huyu Chambuso hakuwa mtani wa jina tu. Mume wa Bi Havijawa, marehemu Ndauka, alipofariki, Chambuso alikuwa mwalimu wa shule ya msingi asiye na hata baiskeli. Alitembea kwa miguu kutoka Utunguni, akaosha maiti kwa mikono yake, kisha akavaa koti kuukuu la Ndauka na kuzunguka uani akichechemea vile vile alivyochechemea Ndauka, akidai chakula kwa sauti ya Ndauka, akilalamika kwamba ugali una mabuja ya unga mbichi. Bi Havijawa, aliyekuwa hajameza kitu tangu msiba uingie, alicheka hadi akalia, kisha akala. Mtu akishakuchekesha siku kama hiyo, unamwamini maisha.

Ndiyo maana Chambuso alipokuwa waziri na kuja Mkoleni na wataalamu wake, Bi Havijawa alimpokea kwa vigelegele na kumwibia saa ya mkononi. Wataalamu wakaitazama chemchemi, wakatikisa vichwa, wakasema imechoka. Ilikuwa imefanya kazi tangu enzi za mababu bila kupumzika hata siku moja, kinyume cha sheria za kazi za nchi. Serikali, kwa huruma zake, ikaipa likizo. Kikajengwa ukuta kuizunguka, likawekwa lango la chuma, na langoni kufuli.

Vijana wa Mkoleni walitaka kuleta fujo. Bi Havijawa ndiye aliyewasimamisha.

"Nyie, huyu ni mtani wetu," aliwaambia. "Ataiba kuku, ataiba hata mlango wa choo. Maji hatayagusa. Mimi namdhamini."

Wakatulia kwa ajili yake. Likizo ikaisha, ikaongezwa. Ikaongezwa tena, maana uchunguzi ulionyesha chemchemi ina uchovu sugu. Wakati huo wanawake wa Mkoleni walikuwa wakiteka maji kwenye bwawa la Sange, wakipokezana zamu na ng'ombe, na ng'ombe hawakuwa wakizingatia zamu. Watoto wakaanza kuharisha. Usiku malori yalisikika yakinguruma upande wa ukuta, na watu walipouliza, wakaambiwa ni madaktari wa chemchemi.

Kisha ikaja habari njema. Chambuso alituma ujumbe kwamba siku ya karamu, mbele ya taifa zima, atamkabidhi Bi Havijawa ufunguo wa lango. Wanawake wakamsindikiza mpaka njia panda. Wifi yake Mwanjaa, ambaye mwanawe wa mwisho alikuwa bado mgonjwa wa kuharisha, hakupiga kigelegele na wenzake.

"Wifi," alisema, "sisi tulikusikiliza wewe. Hatukumsikiliza yeye. Usirudi bila ufunguo."

"Nitarudi nao," Bi Havijawa alijibu, na alikuwa na hakika.

Ukumbi wa karamu ulikuwa umepambwa kwa mizabibu ya plastiki. Rais hakuweza kufika kwa sababu ya majukumu, lakini picha yake ilifika, ikapewa kiti cha katikati, na mhudumu maalumu wa kuimiminia. Kila mvinyo ulipoletwa, picha iliwekewa glasi yake. Kila mara glasi ile ilikutwa tupu, na hakuna aliyekuwa mpumbavu kiasi cha kuuliza imeishaje.

Wageni walikuwa wengi, wote wenye nafasi zao, na wote walikuwa na siri moja ambayo kila mmoja aliificha kivyake: hawakujua mvinyo unaonjwaje. Meza ya kila mgeni ilikuwa na glasi sita, ndoo ndogo ya fedha na uma za aina nne. Kadi ya mwaliko ilikuwa imewaokoa kwa sentensi moja: "Tafadhali tazama meza kuu, ufanye kama meza kuu." Wakatazama kwa macho yote. Waziri alipojifuta jasho la paji la uso, ukumbi mzima ukajifuta. Picha ya Rais ilipoinama kidogo kwa upepo wa feni, wageni wakainama.

Na Bi Havijawa aliketishwa meza kuu, mkono wa kuume wa waziri. Alipopiga chafya, mamia ya watu wenye shahada walipiga chafya. Akaona haya, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mabibi wa meza za mbele, ambao hawakuwa na kanga, wakajifunika kwa vitambaa vya meza.

"Mtani, umependeza," Chambuso alimnong'oneza, akicheka. "Hili kanga umeliazima kwa nani?"

"Kwa mama yako. Kasema ulirudishe ukimaliza kulifutia kitambi," alijibu Bi Havijawa.

Wakacheka wote wawili kicheko cha kwao cha siku zote. Moyo wake ukatulia. Huyu ni yule yule, alijiambia. Amenenepa tu.

Akasimama Bwana Filiberti, Mwonjaji Mkuu wa Taifa, aliyesomea mvinyo huko huko Burgundi kwa gharama ya serikali na kurudi akisemea puani. Aliinua glasi kwenye dirisha, akaitazama kwa jua, akafumba macho.

"Waheshimiwa," alisema, "mvinyo wa Burgundi hausemi uongo. Kule kila jaruba la mizabibu lina jina lake na ukuta wake. Ukivuka ukuta tu, ladha imebadilika. Mtu aliyezaliwa pale, mfunge kitambaa machoni, mpe funda moja, atakwambia mzabibu umeota upande gani wa ukuta, na kama udongo wake una mawe au hauna. Kinywaji, waheshimiwa, hukumbuka kwao."

Ukumbi ukapiga makofi. Bi Havijawa naye akapiga, maana hilo lilikuwa neno la kwanza lenye akili alilolisikia tangu aingie.

Filiberti akafundisha utaratibu. Unanusa. Unachukua funda dogo, unalizungusha kinywani, unalitema ndoani. Kisha unachukua maji, unasukutua ulimi usahau mvinyo uliopita, unatema na hayo. Halafu mvinyo unaofuata. Ukumbi ukanusa, ukazungusha, ukatema. Ilisikika kama zizi la mbuzi wenye mafua. Walipata shida kwenye kutema mvinyo, kwa kuwa walikuwa wameulipia, na wengi waliteleza wakaumeza. Maji ndiyo waliyotema bila shida yoyote.

Bi Havijawa hakunywa mvinyo. Hakuwahi kunywa kileo tangu kuzaliwa na hakuona sababu ya kuanzia kwa Wafaransa. Alinusa kwa adabu, akaweka glasi chini. Lakini kutemwa kwa maji kulimchoma. Chupa baada ya chupa zilifunguliwa mezani, chupa nzuri ndefu zilizoandikwa "Kimya", zenye picha ya mlima wa theluji ambao nchi ile haikuwa nao. Wahudumu walimimina, wageni wakasukutua, ndoo zikajaa, zikabebwa, zikaletwa nyingine. Alihesabu kwa macho ni watoto wangapi wamo katika kila ndoo, akaacha kuhesabu.

Akachukua glasi yake ya maji, kwa kuwa alikuwa na kiu kweli, akanywa.

Ulimi wake ukashtuka kabla ya akili yake. Kwanza ulikuja ule ubaridi wa jiwe jeusi. Kisha utamu kidogo. Kisha, mwisho kabisa, kooni, uchungu mwembamba wa mizizi ya mkuyu, ule ambao kila mtoto wa Mkoleni hukunja uso anapouonja mara ya kwanza na mama yake humwambia, meza, ndiyo kwenu. Alikuwa hajauonja tangu lango lilipofungwa. Akanywa tena, akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea.

"Mtani," alisema kwa sauti ya chini, "haya maji ya wapi?"

"Ya mlimani. Huoni picha?"

"Chambuso."

Waziri akageuka. Alimtazama usoni akitafuta kicheko, asikione. Akamsogelea, sauti ikawa ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Sasa fahamu, mtani. Chemchemi haiwezi kukaa bure tu. Ilipumzika, na sasa imepata kazi mjini, kama vijana wengine. Wewe hufurahi mtoto wa kwenu akipata kazi mjini?"

"Mtoto akipata kazi mjini hutuma kitu nyumbani."

"Itatuma. Mambo yakikaa sawa, itatuma."

"Kampuni ya nani hii?"

"Ya wananchi," alisema Chambuso. "Kwa sasa naishika mimi kwa niaba yao, maana wako wengi, hawawezi kuishika wote kwa pamoja."

"Nilikudhamini, Chambuso. Nilisimama mbele ya watu nikasema maji hutayagusa. Mtoto wa Mwanjaa amelala hoi kwa uchafu wa bwawa. Nikamwambia mama yake, subiri, huyu ndiye aliyemwosha Ndauka."

"Na mimi sijakusahau," alisema Chambuso, na alionekana kuumia kidogo, kama mtu aliyetoa zawadi isipokewe. "Kiti ulichokalia unajua bei yake?"

Hapo ratiba ikafika kwenye makabidhiano. Waziri alisimama akahutubia. Alisema maji ni uhai, na uhai ni haki, na haki ni mchakato, na mchakato ni safari, na safari haikosi vumbi, na vumbi ndilo hilo wanaloliona Mkoleni, kwa hiyo Mkoleni imekwisha kufika. Makofi yakavuma. Wakaingia vijana wawili wamebeba mto wa mahameli, na juu ya mto ufunguo.

Ulikuwa na urefu wa mchi wa kutwangia. Ulichongwa kwa mti na kupakwa rangi ya dhahabu, na utepe wa rangi za taifa umefungwa shingoni mwake.

Bi Havijawa aliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mwepesi. Akaugeuza huku na huku akitafuta meno.

"Huu unafungua nini?" aliuliza.

"Unafungua ukurasa mpya," alisema waziri kwenye kipaza sauti, na wapiga picha wakapiga.

Sasa ni lazima ielezwe kwamba katika nchi ile kulalamika hakukuwa kosa, kama maadui wa nchi wanavyodai. Kulikuwa na utaratibu. Chambuso mwenyewe ndiye aliyepeleka bungeni Sheria ya Utani wa Taifa, iliyosifiwa hadi ng'ambo. Kwa sheria hiyo, mtu yeyote aliruhusiwa kumwambia kiongozi jambo lolote, kwa ukali wowote, maadamu ni mtani wake aliyesajiliwa na maneno yake yanafuatwa na kicheko. Ndiyo maana ratiba ya karamu ilisomeka hivi: "Neno la Mtani. Kicheko. Mvinyo wa tano."

Bi Havijawa akapewa kipaza sauti. Aliuweka ufunguo chini. Hakuwa mtu wa hotuba, lakini maneno yalikuwa yamemjaa.

"Maji mnayotema ni ya kwetu," alisema. "Huo mlima kwenye chupa haupo. Ni chemchemi ya Mkoleni. Sisi tumefungiwa nje kwa kufuli, tunakunywa bwawani na ng'ombe."

Watu wakaanza kucheka. Chambuso alijipiga paja. "Watani hawa!" akasema. "Mnawaona?"

"Watoto wetu wanaugua," Bi Havijawa akaendelea. "Mtoto wa wifi yangu ana miaka mitatu, sasa hivi hana nguvu ya kukaa. Waziri wenu ametuibia. Ametuambia chemchemi imechoka, kumbe anaiuza."

Kicheko kikapanda. Bwana Filiberti alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa chake cha hariri. "Ana ulimi huyu mama!" alisema. "Kaonja mara moja akataja na kijiji! Apewe kazi idarani!"

"Sitanii," alisema Bi Havijawa.

Hapo ndipo walipovunjika mbavu kabisa. Naibu katibu mmoja alianguka kutoka kitini. Mke wa balozi fulani, ambaye hakujua lugha, alicheka kuliko wote kwa sababu aliona mumewe anacheka. Watu wa meza za nyuma, waliokuwa hawajasikia vizuri, wakaomba arudie.

Bi Havijawa akasimama na kipaza sauti mkononi. Uchungu ulimpanda. Tangu mababu, mnyonge wa Kikole alikuwa na mlango mmoja tu wa kumwambia mkubwa ukweli usoni, nao ni utani. Chambuso aliujua mlango huo, ameingilia humo tangu utoto wake. Sasa ameutia kufuli nao. Angeweza kulia pale, lakini alijua wangecheka. Akatamani Ndauka awepo. Kisha akashukuru kwamba hayupo, asije akaona aliyemwosha amekuwa nani.

Akaweka kipaza sauti mezani. Akachukua glasi yake ya maji kwa mikono miwili, akaizunguka meza kuu polepole mpaka mbele ya waziri. Ukumbi ulikuwa bado unacheka. Yeye hakucheka.

Chambuso alikuwa amefungua mdomo aseme neno la utani. Akaiona ile glasi, akaona ilivyoshikwa, na mdomo wake ukabaki wazi.

"Hapana," alisema. Sauti ya uwaziri ilikuwa imemtoka. "Hapana, mtani. Bi Havijawa, usifanye hivyo. Tutaongea. Nitaleta hata bomba..."

Bi Havijawa aliinama, akamwaga maji juu ya viatu vya Chambuso. Alimwaga taratibu mpaka tone la mwisho. Kisha akasimama wima akamtazama bila neno.

Katika ukumbi ule, mbali na yeye, mtu mmoja tu alielewa kilichotendeka, na mtu huyo alikuwa amegeuka rangi kama majivu. Wengine waliona meza kuu imefanya jambo. Wakakunja nyuso wakifikiri. Halafu Bwana Filiberti, aliyekuwa hawezi kukubali kwamba kuna hatua ya uonjaji asiyoijua, akainua kidole na kutangaza kwa pua yake: "Naam! Sasa tunamwaga!"

Wakamwaga. Ukumbi mzima ulisimama na glasi za maji, kila mmoja akainama na kumwaga kwenye viatu vya jirani yake, taratibu, kwa heshima kubwa, bila kucheka, maana walimwona mama hacheki. Wenye glasi tupu waliita wahudumu, na wahudumu wakaja mbio na chupa za Kimya, wakazifungua kwa makreti. Majenerali waliwamwagia maaskofu. Mkurugenzi wa benki alimmwagia mkaguzi wake. Mhudumu wa picha ya Rais, baada ya kusitasita, akamwaga glasi nzima chini ya fremu.

Bi Havijawa akaona zulia likinywa. Maji ya Mkoleni yalipita chini ya meza, yakaingia kwenye kandambili zake, baridi ile ile ya jiwe jeusi. Alitaka kupiga kelele waache. Lakini walikuwa wakimwiga yeye. Aliinua mikono kuwazuia, na wote wakainua mikono.

Kesho yake magazeti yaliandika kwa fahari kwamba nchi imechangia hatua mpya katika elimu ya mvinyo duniani. Kamati iliundwa kuitafutia jina. Serikali iliagiza kwamba tangu hapo kila karamu ya kuwachangia wenye kiu imalizike kwa kumwaga maji, na kwa sababu hiyo uzalishaji wa Kimya uongezwe maradufu. Lakini hayo ni ya kesho yake.

Siku yenyewe, Bi Havijawa alitoka nje. Jua lilikuwa bado kali, maana jua halisomi matangazo ya serikali. Alikuwa amekwisha kuvuka lango la ukumbi aliposikia viatu vinavyolia maji nyuma yake. Alikuwa Chambuso, peke yake. Walinzi wake aliwaambia wasimfuate. Mkononi alishika ule ufunguo wa mti, ameuchukua bila kujua kwa nini.

"Umesahau huu," alisema.

"Mpe mama yako akasongee ugali."

Chambuso hakucheka, naye Bi Havijawa hakungoja acheke. Waziri alitazama viatu vyake.

"Bi Havijawa, kumbuka nilikuja kwa miguu," alisema. "Kwa Ndauka nilikuja kwa miguu, sikuwa na nauli."

"Nakumbuka. Ndilo linaloniuma."

"Basi nisamehe kwa ajili ya siku ile. Yale ya ukumbini watu hawakuyaelewa. Tunaweza kusema ulikuwa mchezo. Tunaweza kuyazoa."

"Maji yakimwagika hayazoleki. Na wewe ni waziri wake."

Kwa mara ya kwanza tangu awe mheshimiwa, Chambuso alionekana kama yule mwalimu wa shule aliyevaa koti la marehemu. Bi Havijawa aliona lile koti, akaona ule mchechemeo uani, akaona na sahani aliyokula siku ile. Alitamani sana kumchekea mtu huyu, na hakuwa na kicheko.

"Mama yangu mzazi kule Utunguni atauliza," Chambuso akasema polepole. "Baba yangu mliosha ninyi. Babu yangu mliosha ninyi. Mimi siku nikifa, nani ataniosha?"

Bi Havijawa alifunga kanga yake vizuri. Aliiwazia njia panda ya Mkoleni, na Mwanjaa amesimama pale akimtazama mikono.

"Maji unayo," alisema. "Tafuta watu."

Akashika njia ya kwenda stendi. Kandambili zake zilikuwa zimelowa chepechepe, na hayo ndiyo maji pekee ya chemchemi yaliyoelekea Mkoleni mwaka ule. Yalikauka kabla hajafika.